Nilirudi nyuma mteremkoni na lori la umeme, betri ikiwa 100%. Hiki ndicho kilichonikuta Mobeni, Durban

Wakuu, habari za mihangaiko. Naandika nikiwa bado na mzuka. Hiki ninachowaletea sikusimuliwa, nimekifanya kwa mguu wangu mwenyewe wa kulia.

Mimi ni dereva wa lori, Mbongo, huu ni mwaka wa sita niko Durban. Kabla ya hapo nimepanda na kushuka mlima Kitonga na semi mpaka nikachoka, kwa hiyo ukinitajia mteremko huwa nacheka tu.

Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Kampuni yetu ipo Mobeni, huku kwenye viwanda na maghala. Mwaka huu wakaleta lori la umeme la tani nane. Moja tu, na madereva tuko tisa. Meneja akanichagua nijifunze wiki mbili, halafu test. Nikifaulu nakabidhiwa, nikifeli narudi kwenye diesel.

Nililitaka lile lori jamani, acha kabisa.

Kwa wasiojua: ukiachia accelerator, mota inageuka dainamo. Inalishikilia lori, na umeme unarudi kwenye betri. Hiyo ndiyo regen. Siku ya kwanza nimetoka Overport, kule juu, nashuka mjini, sikugusa brake mpaka karibu na robot, yaani taa za barabarani. Halafu naona kilomita zilizobaki zinaongezeka! Nilicheka peke yangu kama chizi. Nani alishawahi kushuka mlima na diesel akakuta tangi limejaa zaidi?

Basi mguu ukazoea pedal moja.

Mwalimu aliyenifundisha lori hilo alinisisitizia mambo mawili: betri nisiijaze mpaka mwisho, na kwenye reverse nisiitegemee regen. Niliitikia yote mawili huku akili ikiwa bado Overport.

Asubuhi ya test nikafanya kosa la kidereva kabisa. Mliopiga barabara ya Tunduma mtanielewa, dereva hatoki yard na tangi pungufu. Niliona charge imesoma 80, roho ikaniuma, nikaiacha kwenye chaja mpaka 100. Nikajiona nimejipanga kuliko wote.

Test yenyewe ilikuwa kushuka ramp, yaani ule mteremko wa kupakulia, kinyumenyume, na mzigo, mpaka mlango wa ghala. Anayeongoza pale chini ni Papa Didier, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima. Huyu anaongoza kwa masikio. Injini ikilia anajua unakuja vipi, kwa hiyo mara nyingi anageuka kuangalia mlango huku mkono mmoja ukikuita.

Lori la umeme halilii.

Nikaweka reverse, nikagusa accelerator kidogo, mteremko ukalichukua. Nikaachia, nikasubiri lishikwe. Halikushikwa, likazidi kwenda. Kwenye kioo namwona Papa Didier amenipa mgongo.

Niliogopa kuliko Kitonga yote. Mguu ulikuwa umelala sakafuni, umesahau brake iko wapi. Nilipoipata nikaikanyaga mpaka mwisho, mzigo ukagonga milango ya nyuma, lori likasimama. Kutoka bodi mpaka mgongo wake ilikuwa hatua moja, labda na nusu.

Aligeuka. Hakunitukana. Akaja taratibu mpaka dirishani.

"Petit," yaani mdogo wangu, "mguu yako ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, ilikuwa chini.

"Diesel ile inalia, mie najua iko nakuya. Hii yako haisemi kitu. Basi weye ndiye utasema."

Nilimwomba msamaha. Meneja, aliyekuwa anasimamia test, alichungulia dashboard, akaona 100, akanifelisha palepale. Sikubisha.

Sasa ndiyo utamu. Nilimng'ang'ania mwalimu anionyeshe kilichotokea. Tukaishusha betri mpaka sabini, tukafunga ramp, chini hakuna mtu.

Kushuka kwa mbele, nikiachia inashika mpaka mkanda unanibana.

Kinyumenyume, ramp ileile: inashika, lakini kinyonge, na ukifika mwendo wa kutembea inakuachia kabisa.

Tukajaza 100, tukarudia. Hakuna kitu, linateleza tu!

Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme. Juu ya hapo, lori letu limesetiwa regen ndogo kwenye reverse. Mambo mawili niliyoambiwa, nikayakutanisha kwenye ramp moja. Nilivyoelewa nilipiga usukani kwa furaha, mwalimu akanishangaa.

Nikaomba test ya pili, meneja akakubali shingo upande. Kabla ya kuinua mkono kuniita, Papa Didier alikuja kwanza dirishani.

"Mguu?"

"Iko ku frein, Papa." Nilimjibu kwa lugha yake: uko kwenye brake.

Akashuka, akasimama pembeni, safari hii ananitazama. Nilishuka na brake mwanzo mwisho, nikagusa mpira wa kinga wa mlango taratibu. Lori nikakabidhiwa.

Funzo langu: kwenda mbele furahia regen. Kurudi nyuma, mguu juu ya brake, hata ungekuwa umezaliwa Kitonga.

Wenye malori ya umeme, Nairobi, Dar, popote mlipo: lenu likirudi nyuma mteremkoni, ukiachia mguu linafanya nini? Sitaki mlichosoma, nataka mlichojaribu. Ila hakikisheni kwanza chini hakuna mtu.

Mimi naishia hapa. Nina mzigo wa kushusha, na Papa Didier ameshafika dirishani anasubiri nimjibu.