Kofia Juu ya Kompyuta

Bwana wa duka la intaneti pale Darajani hugeukia ukutani kila mteja anapoandika neno lake la siri, akifuta miwani yake mpaka mteja amalize. Siku Bi Lamya alipotoka mbio kuwahi sala, akaziacha wazi barua pepe za marehemu mwanawe, alirudi akakuta kofia imefunika kioo cha kompyuta, na bwana mwenyewe kichwa wazi.

"Umezisoma?"

"Wallahi hata herufi moja. Lakini neno lako si Talal?"

Bi Lamya akashtuka.

"Matangani mtaa mzima tulilitaja jina hilo, Bi Lamya. Yeyote atafungua. Libadilishe."

Akageukia ukutani. Bi Lamya akaandika jina ambalo Talal mdogo alikuwa akimwitia yeye kabla hajajua kutamka "mama". Tangu hapo, kila akimwombea mwanawe, humwombea na bwana wa kofia, ambaye jina lake hajalijua.