Karanga za Mlenda

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja Nkuhungu. Mbele yangu alikaa mama na binti yake anayetibiwa sonona. Binti alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Shikamoo mama. Binti mboga anaungia nini?" aliuliza nesi aliyekuja kwenye foleni na kadi ya binti mkononi.

"Haungi. Anachemsha mlenda mtupu, anakula matonge mawili, basi."

"Dawa asiache. Ila arudishe karanga na dagaa. Ubongo nao unahitaji mafuta."

Binti akainua kichwa. "Karanga mbichi, au za kukaanga?"

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Miezi mitatu sasa," akasema, "hajauliza kitu."

Mafuta yanafanya nini hasa kichwani, wataalamu bado wanachunguza. Mimi karanga zile niliziona zikianza kazi kabla hazijatwangwa.