Jescah Hapumziki

Kijijini kwao, upande wa Shinyalu, Jescah alisifiwa kwa jambo moja: hapumziki. Matangani alipika, harusini aliosha sufuria, na Jumatatu na Alhamisi, siku za akina mama kuokota kuni kavu, aliingia msituni saa mbili akatoka saa nane, mzigo kichwani, akilalamika kwamba kuni siku hizi ziko mbali.

Uongo mtupu. Nusu saa ilimtosha kufunga mzigo. Saa zilizobaki aliketi kwenye gogo la mti wa mutere lililoanguka kando ya kijito, akiwatazama mbega wakiruka, bila mtu wa kumwuliza chumvi iko wapi. Nyumbani alikuwa na watoto saba, mume mwenye wageni wasiokwisha, na wifi yake Lynette, aliyeachika akarudi kwao na kazi moja tu: kuchunguza makosa ya mke wa kaka yake. Bila gogo lile, Jescah angekuwa ametoroka zamani, au amempiga mtu mwiko wa ugali.

Siku moja akaja Sydney, kijana wa utafiti, na kishikwambi chake, kuuliza kama wananchi wana haja ya msitu kwa burudani na utulivu. Jescah alimchinjia kuku, maana mgeni haachwi aulize maswali na njaa. Lynette naye akavuta kiti karibu.

"Mama, unaendanga msituni kupumzika?" Sydney aliuliza.

Jescah alimtupia wifi yake jicho. Kwao mke wa mtu hupumzika akiugua, au akifa.

"Mimi? Naendanga kuni tu. Sina ugonjwa."

Kila boma lilijibu hivyohivyo, na kila mama, nakuambia, alikuwa na gogo lake. Ripoti ikaandikwa: wenyeji hawapumziki msituni. Wakubwa walifurahi, maana mwananchi asiyeomba kitu ndiye raia mwema. Mwaka haukuisha, kijito kikazungushiwa seng'enge, kikaitwa Bustani ya Utulivu, ya wageni. Kuni zikahamishiwa upande wa barabara, kwenye vumbi.

Alhamisi ya kwanza akina mama walifika langoni na kamba zao, Lynette akiwemo, aliyekuja kujionea. Philemon, mlinzi, aliwaeleza kwa upole kwamba kuni ni kule. Hapa wanaingia wa kupumzika. Ndani, msichana wa Nairobi alikuwa amejilaza juu ya gogo la Jescah. Hasira ilimpanda Jescah hadi machozi.

"Niandike na wa kupumzika," alimwambia Philemon. "Miaka kumi na tisa nimekuwanga nikidanganya."

Lynette alishika kiuno. Philemon akafungua karatasi zake, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa imeandikwa nyinyi hampumzikangi. Ungesema siku ile."

Jescah aliitupa kamba, akaketi palepale langoni, mbele ya wifi yake, akanyoosha miguu. Mama mmoja akaketi kando yake, halafu mwingine. Kufika saa sita njia ya wageni ilikuwa imejaa miguu, na Philemon alipekua karatasi zote asione sheria ya kuwainua watu wasiopumzika.