Chai ya Baba na Matuta ya Ulezi

Juzi nilimkuta fundi wangu amekaa kivulini anakunywa chai, ghorofa yangu haijaisha. Mimi, niliyeishia darasa la nne na leo nina malori mawili, nikafoka. Akajibu, "Bosi, zege linakomaa, nalisubiri."

Jibu hilo nililisikia utotoni. Kiangazi kimoja baba alishinda nje na kikombe cha bati, chai ikinukia moshi, akitazama matuta tuliyofukia majani. Nikamwona mvivu atakayetuua njaa. Nikabeba jembe, nikapasua matuta manane, nitawanye udongo tupande ulezi mapema. Ndani majani yalikuwa bado mazima, yanachakarisha.

"We mtoto!" Baba aliruka, chai ikammwagikia. "Nani kakwambia nimekaa bure? Majani yanaoza yawe mbolea, nayasubiri!"

Mvua zilipokuja, ulezi ulisitawi shamba zima, isipokuwa pale kwenye matuta yangu manane.

Sasa juzi, huku nikimfokea fundi, mkono wangu ulikuwa umeshashika mrunda mmoja unaobeba zege, niung'oe kazi iende. Nikauachia.

"Haya, nimiminie na mimi!" nikamwambia kwa hasira, nikakaa.

Na chai yenyewe ilikuwa na sukari kupita kiasi.