Jua la Saa Sita Lilikuwa Letu

Siku ile naikumbuka mpaka joto la jua lake, mwanangu, na nikiiwaza hufurahi kwanza, kisha huogopa. Lakini nisirukie mbele. Kaa hapo kwenye mkeka, na hebu izime kidogo hiyo mashine yako, maana inakoroma kama mwenye mafua.

Karatasi uliyoibandika ukutani nimeielewa kuliko unavyodhani. Hewa yote ya masafa mafupi imegawiwa kama shamba la ukoo: hapa pa meli, hapa pa ndege, hapa pa stesheni za matangazo, na ninyi watu wa redio ya ridhaa mmekatiwa vipande vyenu. Mita themanini, mita arobaini, mita ishirini, na vingine sikuvishika. Jana ukaninung'unikia, "Bibi, wametubana mno, vipande vyenyewe vyembamba kama ukanda!" Kisha ukakaa kwenye mashine ukaita, ukaita, ukaita, hukunyamaza hata kidogo uone kama yupo anayejibu. Nikacheka peke yangu jikoni. Hayo niliyafanya mimi zamani, kabla ya wewe wala mama yako, kule milimani upande wa Matombo, wakati wa Mdachi, yule Mjerumani. Redio yangu ilikuwa kioo.

Usinitazame hivyo, sijachanganyikiwa. Nilikuwa mwali niliyekwisha kutoka ndani, na mchumba ninaye, babu yako yule mwenye maringo. Alishuka Morogoro na mizigo ya ndizi, akarudi na kioo kutoka duka la Mhindi, kipana kama kiganja, kimezungushiwa bati. Siku zile msichana aliyepewa kioo alikwisha pendwa, hakuna cha kuuliza tena. Dada yangu Zena naye alikuwa na cha kwake. Aliolewa ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa mlima unaotutazama. Ukisimama uwanjani kwetu unauona moshi wa jiko lake, lakini kumfikia ni kuteremka bonde zima, kuvuka mto, na kupanda tena mpaka magoti yalalamike.

Sasa, juu ya kijiji chetu, begani mwa mlima, Wadachi walimweka askari mmoja mweusi kama sisi, jina lake Mabruki. Kazi yake ilikuwa kioo. Kikubwa kama sinia, kimesimama juu ya miguu mitatu, na mbele yake vibao vya kufungua na kufunga. Alilikamata jua akalirusha kilele cha pili, na wa kilele cha pili akalirusha cha tatu, hivyo hivyo mpaka bomani Morogoro. Mmweko mfupi, mmweko mrefu, na neno limefika kabla mtu hajavaa viatu! Sisi wasichana tulikwenda kukata kuni karibu naye kila siku, hata kuni zisipohitajika, ili tumtazame tu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tukaunda vya kwetu. Nilikwenda kwa Zena tukapatana: mmweko mmoja, nipo. Miwili, nimekuona. Mitatu, njoo. Nikarudi nyumbani mbio, na kesho yake ukungu ulipoinuka nikakitega kioo changu, nikahangaika nacho, nikakielekeza kwenye migomba ya dada yangu. Nikapiga mmoja. Kimya. Nikapiga tena. Ndipo ng'ambo, mle kwenye migomba, kukawaka! Miwili! Mwanangu, nilipiga kelele mpaka mama akatoka akidhani ni nyoka. Niliruka nikaupiga teke ungo wa kunde, na kunde zote chini, na sikujali. Dada yangu aliyekuwa mbali mwendo wa saa mbili alikuwa amenijibu kwa kupepesa jicho. Furaha ile nimeiona tena usoni mwako juzi, ulipompata mtu wa Japani, ukanikumbatia kwa majivuno. Nakuelewa kabisa.

Basi siri ya wasichana haikai. Mwezi haujaisha, kila aliyekuwa na kioo, na hata mwenye kipande cha kioo kilichovunjika, alikuwa juu ya jiwe akimwekamweka. Bonde zima likawa linameremeta, na hakuna aliyejua mmweko upi wa nani.

Ndipo Mabruki akashuka kwa mjomba. Unajua kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, baba ni mgeni aliyepewa kiti kizuri. Mjomba wangu alikuwa mtu wa maneno machache na ugoro mwingi.

"Shikamoo, mzee," Mabruki akasema. "Wajukuu na wapwa zako wananiharibia kazi. Mwenzangu wa kilele cha pili anaona mimweko kumi, hajui upi wangu. Neno likifika bomani limevunjika, mgongo utakaoliwa ni huu. Hamsa ishirini, mzee."

Viboko ishirini na vitano hivyo kila mtu alivijua. Nikadhani mjomba atatunyang'anya vioo vyote. Badala yake alivuta ugoro, akapiga chafya, akatazama mlima.

"Jua letu ni dogo," akasema. "Asubuhi ukungu, alasiri mawingu. Kitu kidogo hugawanywa, hakigombewi. Wewe Mabruki chukua tangu ukungu unapoinuka mpaka unapokaa kula. Ukikaa kula, jua la utosi ni la hawa mabinti. Wa juu ya mvule ule watazame juu ya mvule, wa chini watazame chini. Na kila mmoja, akipiga mara tatu, akilaze kioo mapajani, avute pumzi kumi, aangalie. Ndipo apige tena."

Mimi, mdomo huu, nikasema, "Mjomba, saa sita tu? Mbona kidogo hivyo?" Akanijibu bila kugeuka, "Kwa mwenye kusema tu ni kidogo. Kwa mwenye kusikiliza kinabaki."

Sikuelewa, na wala sikutaka kuelewa. Nilikuwa kama wewe jana.

Zena alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikamatwa kwenda kulima barabara ya Wadachi, na nyumbani alibaki yeye na mama mkwe mwenye ukungu machoni, asiyeona hata mkono wake. Mkunga aliyeaminiwa pande zote mbili za bonde alikuwa mama yetu. Kwa hiyo tulipatana vizuri, na mama mwenyewe alisimamia mapatano: uchungu ukimshika Zena atapiga mitatu, na mama ataondoka hapo hapo. Mkoba wake wa dawa ulikuwa tayari mlangoni. Nami ndiye niliyekabidhiwa kuangalia. Mimi, mwanangu! Jicho la mama yangu lilikuwa mimi.

Asubuhi ya siku ile wazee wa mchumba wangu wakaja, wakakaa na mjomba, wakapanga arusi. Mwezi ujao! Nilizunguka nyumba mara tatu bila sababu. Kabla Mabruki hajashika bakuli lake nilikwisha panda juu ya jiwe, na jua lilipofika utosini nikaanza. Nikawapigia rafiki zangu Mwanahawa na Salima, nikampigia binti wa kule chini ya mvule ambako si kwangu, nikapiga huku na huku. Nao wakanijibu kwa shangwe, na wakaanza kuambiana wao kwa wao. Pumzi kumi za mjomba sikuvuta hata moja. Na ukipiga kioo, mwanangu, macho huwa kwenye kioo, hayako mlimani. Hilo hakuna aliyetufundisha.

Tukaendelea hivyo muda mrefu, tunacheka, na juu ya kilele mawingu yameanza kukusanyika.

Ghafla mwanga mkubwa ukaniangukia usoni. Mkubwa! Nikafumba macho, nikageuka, na ukuta wa nyumba yetu wote ulikuwa mweupe. Mwanga haukumweka. Ulikaa pale pale, ukaondoka, ukamwendea Mwanahawa kwenye jiwe lake, ukakaa, ukamwendea Salima, ukakaa. Ni Mabruki. Alikuwa ameacha chakula chake, amekigeuza kioo cha serikali, anatunyamazisha mmoja mmoja.

Vioo vyote vikashuka. Bonde likatulia kama darasa aliloingia mwalimu. Nami nilikuwa nimeshaanza kutunga uongo wa kumwambia mjomba, ndipo nikaona.

Ng'ambo, kwenye migomba. Mitatu. Pumziko. Mitatu. Pumziko. Dhaifu, na upande mmoja, kama kioo kimeshikwa na mtu aliyelala. Mitatu.

"Mama!" nikalia. "Mama, Zena!"

Mama hakuuliza. Alichukua mkoba akawa tayari anateremka. Mimi nikataka nimjibu dada, miwili tu, ajue tumemwona. Nikakiinua kioo, na wingu likafunika jua! Nilisimama pale nimekielekeza, machozi yananitoka, namwomba Mungu jua kiasi cha kupepesa jicho. Likapita upande. Mmoja, miwili! Nikakitupa kioo kwenye nyasi, nikamfuata mama mbio, miguu inateleza, mto tukauvuka maji yakitufika kiunoni.

Tulimkuta Zena kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, kioo bado mkononi. Mama mkwe amemshika mabega, anaimba, hajui la kufanya. Dada aliponiona alisema neno moja, "Nimepiga tangu jua la utosi." Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mama alifanya kazi mpaka jasho likamwingia machoni, nami kazi yangu ilikuwa kulifuta na kulia kimya. Jua lilipoelemea magharibi tukasikia sauti, kali, yenye hasira, sauti tamu kuliko zote nilizowahi kuzisikia duniani! Mama akakaa chini akaniambia bila ukali, "Tungechelewa kiasi cha kuivisha chungu cha kunde, tungekuta msiba." Wala hakulirudia tena mpaka kufa kwake.

Mtoto aliitwa Nuru. Naam. Mama yako huyo huyo, mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni wako. Hukuwahi kuuliza kwa nini jina lile, sasa unalijua. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi mjukuu wangu amekuja na kicheko, kwa sababu askari mmoja alijua kutazama kabla ya kusema.

Nilikwenda kumshukuru Mabruki na mkungu wa ndizi. Nikamwuliza alivyoiona mitatu ile wakati sisi sote tuliikosa. Akasema, "Dada, mimi hata nikila natazama, na mitatu yenu nilikwisha ijua. Mtu wa kioo kazi yake ni macho, mkono ni wa baadaye." Baadaye wenzake wa kilele cha pili walimwuliza kwa nini kioo chake kiligeuzwa upande mwingine, maana na wao walikiona. Aliwapelekea neno moja: wingu. Wakalipeleka hivyo hivyo bomani, na mgongo wake ukasalimika. Alilisimulia hilo akicheka mpaka akakaa chini.

Mjomba hakunipiga. Aliniketisha juu ya jiwe langu siku saba, tangu ukungu kuinuka mpaka mawingu kufunika, kioo kimelala mapajani uso chini. Nisipige hata mmoja. Nitazame tu. Siku ya kwanza nilikasirika, ya pili nikasinzia. Siku ya tatu nikaanza kuona! Nikajua mkono wa Salima na mkono wa Mwanahawa, kila mmoja na mwendo wake. Na siku ya tano, mbali sana, kwenye mlima nisiojua hata jina la kijiji chake, nikaona nukta ndogo ya mwanga. Mmoja. Pumziko. Mmoja. Mtu alikuwa na kipande cha kioo pengine si kikubwa kuliko ukucha, anasema nipo, nipo, na sisi wenye vioo vizima hatukumwona miezi yote ile kwa kelele zetu. Siku ya nane nilipofunguliwa sikuwaita rafiki zangu. Nilisubiri jua la saa sita, nikakielekeza kule, nikapiga miwili. Nimekuona. Ukaja mwanga mwingi bila mpango, kama mtu anayecheza ngoma! Mpaka leo sijui alikuwa nani, na mpaka leo nampenda.

Kwa hiyo, mwanangu, usiilaani karatasi iliyo ukutani. Kijishamba ulichopewa kinatosha ukikaa ndani yake, na cha mwenzio usikiingie hata ukikiona kitupu, maana hujui nani anakitegemea leo. Ukitaka kuita, sikiliza kwanza. Ukiisha kuita, nyamaza, vuta zile pumzi kumi za mjomba. Furaha yako isikuzibe masikio, kwa sababu mwenye shida hana sauti kubwa. Anaita kwa kile alicho nacho, na anakuja katikati ya maneno yako; usipomwachia nafasi hatapita. Na ukimsikia anayehitaji kusikiwa, geuza kioo chako, hata kama chakula kinapoa.

Mungu akupe sikio refu kuliko mlingoti wako. Akupe wa kukujibu Japani na kwingineko, na akupe pia wa karibu. Wasikose kukuona siku utakayopiga mitatu.

Haya, washa hiyo mashine. Usiguse kitu. Tusikilize nani anaita.