Ekseli Mbili za Mjomba

Mjomba ni dereva, ila gari lake halitembei. Watu wa mtaa walimwita Meneja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa. Gari lenyewe ni la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kutu ilikula ekseli zake, vile vyuma vinavyobeba magurudumu, na Mjomba akaliinua uani juu ya matofali. Msimamizi wa wachimba visima alimwambia, likiweza kupanda kilima cha matope, kazi ya kubeba wachimbaji ni yako. Mjomba hakuwa na tumaini jingine.

Akapata ekseli kwa wauza chuma chakavu, ya nyuma kwa huyu, ya mbele kwa yule. Mvua ilikuwa inanyesha, akaziburuza hadi sebuleni.

"Kaka, hiyo maiti unailaza juu ya mkeka wangu?" mama alimuuliza.

"Huyu mgonjwa tu, dada. Maiti ni lile la nje."

Alizisugua kwa brashi ya waya mpaka kucha zikawa nyekundu. Beringi aliziosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai kuukuu, akazungusha moja moja karibu na sikio, macho kafumba. Iliyokwaruza aliitupa. Sili mpya, mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, alizigongea kwa kipande cha mbao, taratibu, kama mtu anayempiga mtoto mgongoni acheue. Mwisho akapaka rangi nyeusi.

Alipokwisha kuzifunga, akamwita fundi wa gereji ya jirani aje kukagua. Fundi akachora chaki kwenye gurudumu la nyuma, mama akishikilia la upande wa pili lisizunguke, kisha akazungusha propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, akihesabu mizunguko. Alama ikaenda, ikarudi juu. Akafanya vilevile mbele, mizunguko ileile. Alama ikaishia njiani.

Fundi akarudia. Ikaishia palepale.

"Meneja, meno ya difu, gia za katikati ya ekseli, hayalingani. Hizi hazikuzaliwa nyumba moja. Ya mbele itavuta hivi, ya nyuma vile, mpaka gia zivunjike. Hukuhesabu meno?"

"Nilikuwa nasikiliza beringi."

"Ndugu yangu!"

"Nikiendesha kwa ya nyuma tu?"

"Kwenye lami utafika. Kilimani utarudi kinyumenyume."

Kupata ya kufanana nayo, fundi alisema, labda uombe Mungu.

Msimamizi alikuja kesho yake, akalizunguka gari, akasifu rangi. Mama, nyuma yake, akamtikisia Mjomba kichwa: nyamaza. Mjomba akasema yote.

"Basi nitachukua lori la mtu mwingine," msimamizi akajibu. "Nalo hukwama. Nahitaji watu wa kusukuma. Utaweza?"

Mjomba alipangusa grisi, kidole kwa kidole.

"Tunaanzia wapi, bosi?"

Mama akasonya, akaingia ndani kumtafutia viatu vya mpira.

Siku hizi anarudi na matope hadi kiunoni. Jirani akimwambia, "Meneja, gari limependeza," anaitikia, "Asante," anapita kando ya ukuta bila kulitazama.