Idi Niliyopanga Foleni Kuchezea Sidii Yangu

Siku ya Idi mosi nilipanga foleni kwenye banda la gemu la mpinzani wangu, nisubiri zamu ya kucheza sidii niliyompa mwenyewe. Kanzu nyeupe, marashi, na aibu.

Na mimi nina banda, Gerezani, nyuma ya maduka ya spea. Wiki ile pedi yangu moja ya kuchezea ilikufa, na Idi ndiyo siku watoto wanakuja na hela za sikukuu. Jamaa wa Mchafukoge, huyo mpinzani wangu, alikuwa na pedi ya ziada, ila akataka tubadilishane na sidii yangu ya mpira. Nikampa, moyoni nacheka. Rafiki yangu anayechoma sidii za harusi pale Kariakoo alikuwa ameshanitolea kopi.

"Mwanangu, hii ni ya gemu lakini," aliniambia.

"Wewe choma. Sidii ni sidii." Hayo ni maneno ya mtu aliyeishia kidato cha pili.

Idi asubuhi mabenchi yamejaa. Naweka kopi, mashine inazungusha, inagoma. Naipangusa na kanzu, inagoma. Nikaipaka dawa ya meno, nasugua.

"Anko, inapiga mswaki?"

Benchi zima likacheka, halafu likahamia Mchafukoge.

Nikampigia rafiki yangu. "Mbona kwenye kompyuta yako ilifunguka?"

"Kompyuta inasoma chochote. Mashine ya gemu inatafuta alama kwanza. Wanaipiga kiwandani, kule karibu na tundu la katikati, na kichomeo changu hakifiki pale. Yaani umekuja harusini, sare umeshona, nyimbo zote unazijua, mlangoni wanataka kadi."

"Si ungeniambia!"

"Nilianza kukwambia, profesa."

Nikabeba pedi yake mpaka Mchafukoge, nimbembeleze jamaa anirudishie sidii. Nikawakuta wateja wangu wote. "Anko, karibu!" Jamaa hata hakugeuka. "Shehe, foleni inaanzia kule. Ukinifunga, unaondoka nayo."

Zamu yangu ikafika. Nilifungwa mpaka wale watoto wakaacha kunizomea, wakaanza kunipa pole. Sidii ikabaki kwake.

Jioni nikaenda kwa rafiki yangu kula sikukuu. Sinia likaja, linafuka mvuke. Nanyoosha mkono, akalivuta upande wake, akaniwekea simu mbele yangu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya sinia lilelile.

"Wewe kula hii, mwanangu. Pilau ni pilau."